Mwaka Walipotuondolea Siku ya Posho

Tulimzika Nsimire mwezi uliopita, na kwenye kilio, mbele ya jeneza lake, wakampa mikro ya kusemea yule karani aliyekuwa akitulipa zamani hotelini. Sikujua kama bado ni mzima. Mzee wa fimbo, suti ya rangi ya majivu, viatu vinang'aa kuliko vya bwana harusi. Akakohoa, akasema: "Marehemu alikuwa mwanamke wa mpango. Wakati tulifanya kazi pamoja, mimi ndiye nilimufundisha kugawanya mshahara wa mwezi kwa majuma, na wa juma kwa siku. Vijana, muige mufano huu." Watu wakatikisa vichwa, wengine wakasema amina. Mjukuu wangu aliyekaa kando yangu akatoa simu yake akaninong'oneza: "Koko, siku hizi kuna programu. Unaandika mshahara wa mwezi, inakuambia ni ngapi kwa juma." Nikamuuliza: "Na bei ya maharagi ya mwisho wa mwezi, hiyo simu inaijua?" Akairudisha simu mfukoni. Mimi nikasimama, nikatoka nje, kwa sababu ningebaki pale ningemnyang'anya yule mzee mikro na ningeharibu mazishi ya rafiki yangu. Nilinyamaza kwa heshima ya maiti. Lakini tangu siku ile silali vizuri, na mimi si mtu wa kunyamaza. Nilifika darasa la tatu tu, nina depo mbili za kuuzia unga na nyumba ya ghorofa niliyoijenga bila mume na bila mkopo, sijazoea kumezeshwa uongo halafu niseme amina. Habari za baba na mama na kijiji nilikotoka haziko humu. Hapa kuna mwaka mmoja tu, mwaka walipotuondolea siku ya posho.

Nchi yetu ilikuwa bado Zaire, na pesa ilikuwa inaitwa zaire pia, sarafu yake ndogo likuta, zikiwa nyingi makuta. Mimi na Nsimire tulipanga chumba kimoja Kadutu, mtaa wa Bukavu, kwenye mteremko, kuta za mbao, bati lenye matundu tuliyoziba kwa lami. Kitanda kimoja, mkeka mmoja, na jiko la makala, yaani makaa, tuliloliweka mlangoni ili moshi utoke. Mwenye nyumba alikuwa Maman Zaina, mjane Mwislamu wa Uvira ambaye babu zake walitoka pwani na misafara. Alikaa chumba cha mbele, akauza unga na maharagi kwa murongo, lile bakuli la kupimia la sokoni, na alikuwa akiujaza kwa mkono hadi kilima chake kinakaribia kumwagika, halafu anapangusa kidogo, kidogo sana, ili usiweze kulalamika. Kiswahili chake kilikuwa safi na alitucheka chetu. "Nyinyi watu wa Bukavu mnaipasua lugha kama kuni," alikuwa akisema. Nsimire, Mushi, yaani mtu wa kabila la Bashi, kutoka Walungu, mdomo mwepesi, alimjibu: "Na nyinyi ba Uvira munaipikia mafuta mingi, Maman. Inatuteleza."

Tulifanya kazi katika hoteli moja ya mtaa wa Ibanda, kwenye rasi ya ziwa, upande wa wenye nyumba kubwa. Wanawake sita katika chumba cha kufulia: mabeseni ya saruji, mvuke, pasi za makala, na nje kamba ndefu za kuanikia mashuka kuelekea ziwani. Mkubwa wetu alikuwa Maman Jorjeti, mwanamke mnene wa sauti nzito aliyeweza kukamua shuka la vitanda viwili peke yake. Kila jumamosi, ambayo sisi kwetu tunaiita siku ya posho, karani alitulipa posho ya juma. Na kwa posho ile juma letu lote lilijulikana sufuriani. Siku ya posho yenyewe tulikula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga na bugali mweupe wa muhogo, mafuta yanatiririka mpaka kiwiko. Siku ya Mungu, jumapili, masalio yake. Kisha maharagi siku mbili, kisha sombe, majani ya muhogo, na ijumaa lengalenga, ule mchicha, na chumvi, maji mengi, bugali kidogo. Njaa tuliijua, lakini ilikuwa njaa fupi. Ilianza ijumaa, ikafa siku ya posho. Mtu anaweza kupigana na njaa yenye mwisho unaouona.

Na kulikuwa na likelemba. Asiyejua likelemba, nimweleze: sisi sita, kila siku ya posho kila mmoja alitoa kiasi kilekile, na chungu chote kikaenda kwa mmoja. Juma linalofuata, mwingine. Zamu zilipigwa kwa vijiti, na zamu ikishapigwa haiguswi. Dada anaweza kukuibia mume mkapatana. Akikuibia zamu ya likelemba, hamsalimiani mpaka kaburini. Nsimire alikuwa na mimba, na aliyempa mimba hiyo alikuwa dereva mmoja aliyekwenda Kisangani akasahau njia ya kurudi. Kwa hiyo aliomba awe wa mwisho, wa sita, tusimpigie kijiti. Alikuwa amefanya hesabu ya tumbo lake na hesabu ya siku za posho, akaona chungu kitamfikia mwezi mmoja na zaidi kabla ya kujifungua. Pesa ile ilikuwa ya maternite, hospitali ya kuzalia. Wakati ule, kama leo, ukizaa huna pesa, maternite hawakurudishi nyumbani. Wanakuweka, na mtoto wako, mpaka mtu aje kukukomboa. Nsimire alikuwa amemwona dada yake wa tumbo moja akiwekwa hivyo, na hakuogopa uchungu wa kuzaa kama alivyoogopa kile chumba.

Wanawake wawili walikuwa wamekwisha kula zamu zao wakati karani alipokuja kufulia na kibao cha jikoni, kile wanachoandikia chakula cha siku. Alikuwa kijana wakati ule, tai nyembamba, wino kidoleni. Alifuta supu na samaki kwa kiganja, akaandika tarakimu. "Bamama, kuanzia sasa nyinyi si bibarua tena. Patro mwenye hoteli amekubali munakuwa batu ba mwezi, na kontra, karatasi ya kazi. Posho ya juma, mara majuma makumi tano na mbili ya mwaka, tunagawa kwa miezi kumi na mbili. Hamupoteze hata likuta moja." Akapiga mstari chini ya jumla, mstari mrefu, kama mtu anayefunga mlango. Na hesabu ilikuwa sawa. Nalisema hili wazi, maana watu wanapenda kusikia kwamba karani aliiba tarakimu. Huyu hakuiba hata moja. Binti wa Maman Jorjeti alikuwa sekondari, alirudia hesabu ile jioni, ikatoka ileile. Karani akatuelimisha pia namna ya kuishi: mwezi uugawe kwa nne na kidogo, juma uligawe kwa saba, kila sehemu uifunge kwenye kitambaa chake, na usiguse ya kesho.

Tulifanya nini? Tulicheza! Leo damu inanichemka nikikumbuka jinsi tulivyocheza. Mtu wa juma alikuwa kibarua, takataka, mtu wa kufukuzwa saa yoyote. Mtu wa mwezi alikuwa mwalimu, alikuwa mtu wa benki, alikuwa na karatasi. Duka lilimkopesha. Padri alimwita kwa jina. Siku ya Mungu tulitoka misa ya pili sisi sita tumevaa kitenge cha aina moja tulichokichukua kwa deni, na majirani wakapiga vigelegele: "Eeeh, bamama ba mwezi bapita!" Tulinunua kasiksi, ile pombe ya ndizi, ndoo nzima. Nsimire alicheza na tumbo lake mbele kama ngoma, akamwambia mtoto aliye ndani: "Sikia, wee! Unazaliwa mutoto wa mutu wa mwezi!" Maman Zaina peke yake hakucheka. Alikaa mlangoni kwake akichambua mawe kwenye maharagi. "Na kabla ya huo mwezi kuisha," akauliza, "mtakula kitenge?"

Jumanne yake, chini ya kamba za mashuka, ndipo ilipotokea. Tulikutana kuzungumza likelemba. Siku ya posho haipo tena, basi chungu kitatolewa lini? Maman Jorjeti akasema mwisho wa mwezi, jambo liko wazi. Wote wakaitikia. Nsimire akaweka beseni chini. "Lakini zamu yangu ilibakia posho ine," akasema. "Sasa itakuwa miezi ine? Mie nitazaa mbele ya mwezi wa tatu kuisha." Nikasema mimi: "Tumupe yeye chungu cha kwanza. Tumbo halingojei." Yule aliyekuwa wa tatu akainamisha uso, alikuwa ameahidi bati kwa mama yake. Wa nne akasema zamu ni zamu. Maman Jorjeti, ambaye hakuwa mwanamke mbaya, akasema maneno ambayo ningali nayasikia: "Nsimire, sasa tuko batu ba mwezi. Mwezi ni makuta mingi kwa mara moja. Utaweka mwenyewe, hauna haja ya chungu." Nao waliamini. Hapo ndipo kosa letu lilipo, na ni kosa letu wenyewe: tulibadilisha siku tukaacha zamu palepale, kana kwamba miezi minne na majuma manne ni ndugu.

Mwezi ule wa kwanza sitamtakia hata adui. Siku ya posho ya kwanza bila posho ilikuja, na sufuria ikauliza. Tulikopa unga kwa Maman Zaina, tukakopa makala, tukakopa hadi chumvi. Njaa fupi iligeuka njaa ndefu, na njaa ndefu ina tabia mbaya, inawagombanisha watu wanaopendana. Siku moja nilimkaripia Nsimire kwa sababu alilamba mwiko. Mwanamke mwenye mimba, alilamba mwiko! Mwisho wa mwezi tukapewa noti, bunda zito, tukatoka nazo kifuani tumevimba kama majogoo. Tukafika sokoni. Na pale tukakuta kwamba murongo wa maharagi haukuwa wa bei tuliyoiacha. Pesa ya zaire mwaka ule ilikuwa inaoza kama sambaza juani. Ulipolipwa kwa juma, uliipokea ingali mbichi, ukaila mbichi. Sasa jasho la juma la kwanza tulilipwa siku ya mwisho, limenuka tayari. Posho nne za zamani zilijaza gunia karibu hadi mdomoni. Mshahara wa mwezi, na tarakimu zake zote sawasawa, ulifika tumboni mwa gunia ukakoma.

Maman Zaina aliniita usiku uleule nimlipe deni. Aliponiona nahesabu noti zilizobaki ili nizifunge kwa vitambaa, akanishika mkono. "Binti, unafanya nini?" Nikasema nagawa mwezi kwa majuma. Akasema: "Usilale na hii pesa ndani ya nyumba. Kila unachotaka kukila mwezi ujao, kinunue kesho asubuhi, kilete nyumbani kikiwa maharagi. Ukitaka makala, uza murongo mmoja siku hiyo hiyo. Utagawa maharagi kwa siku, hayo hayapungui ukiyaangalia." Nilimsikiliza, si kwa akili, bali kwa sababu alikuwa ameshika mkono wangu na hakuachia. Nikanunua maharagi, nikaweka gunia chini ya kitanda. Nilimwomba Nsimire afanye vilevile. Akakataa. "Maternite banalipa na falanga, habalipi na maharagi," akasema. Akachukua mkebe wa majani ya chai, akafanya kama karani alivyosema: sehemu ya nyumba, sehemu ya chakula, sehemu ya maternite, kila moja na kitambaa chake. Alijinyima. Nilimsikia akigeuka kitandani kwa njaa na mkebe uko karibu na kichwa chake, haugusi. Kama kuna mtu aliyepanga pesa yake mjini Bukavu mwaka ule, ni yeye.

Alijifungua katikati ya mwezi wa tatu, kwenye maternite ndogo ya watu binafsi hapo juu yetu, msichana mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Niliupeleka mkebe mwenyewe. Msimamizi wa hospitali alihesabu, akalamba kidole, akahesabu tena, akasema: "Hii ni bei ya zamani." Mkebe uliojazwa kwa njaa ya miezi miwili haukufika nusu. Wakamhamisha Nsimire kwenye kile chumba. Vitanda sita, wanawake tisa, mlinzi mlangoni na kiti chake. Wamepona wote, wamefungwa wote. Kila asubuhi muuguzi aliongeza bei ya kitanda kwenye deni, kwa hiyo kadiri ulivyokaa kwa kukosa pesa ndivyo ulivyozidi kukosa. Walitaniana mle ndani, maana watu hutania popote. "Karibu hoteli, dada," mmoja aliniambia, "yetu nayo iko na mashuka, lakini hakuna wa kuyafua." Nsimire hakucheka. Maziwa yalikuwa yanamkauka, mtoto ananyonya anaachia analia. Akaniuliza, sauti ya chini, si kwa kulia: "Niligawa vile alisema. Niliweka. Sikugusa. Furaha, nilikosea wapi?" Nikamwambia: "Haukukosea fasi yoyote."

Nilikwenda moja kwa moja kwa karani kuomba avansi, mshahara kabla ya siku yake, wangu na wa Nsimire. Mlango wa ofisi ulikuwa umesindikwa, patro alikuwa ndani, nikangoja kwenye ukuta. Nikasikia. Karani alisema: "Mwezi huu tena tumepata faida, patro. Wageni wanalipa dola kila siku, nami sizibadilishi kuwa zaire mpaka siku ya mshahara. Mwanzo wa mwezi dola kumi zilikuwa zinalipa wanawake wawili. Ikifika mwisho, zinalipa watatu." Patro akacheka. "Na hawalalamiki?" "Walalamike nini? Walicheza." Wakacheka wote wawili, kisha kikombe kikagonga kisahani. Sasa mnaelewa kwa nini nilitoka kwenye kilio. Yeye alijua. Alisimama na kibao chake, akatufundisha kuigawa pesa kwa vitambaa, huku akijua kwamba kitambaa kinavuja, na waliokinga chini ya tundu ni yeye na bwana wake. Nilipoingia alinitazama kwa upole, kama mwalimu. "Furaha, mutu wa mwezi haombi pesa ya katikati. Mulipenda mwezi. Ngoja uishe."

Sikungoja. Nilirudi nyumbani nikavuta gunia kutoka chini ya kitanda, limebaki nusu. Maman Zaina alisimama mlangoni. "Yule msimamizi wa hospitali," akasema, "hula noti? Hana watoto? Hana wagonjwa wa kulisha? Beba." Akaongeza murongo tatu za kwake, akasema nitazirudisha, na nilizirudisha. Nikafunga gunia kwa kamba, kamba nikaipitisha kwenye paji la uso kama wanawake wa kwetu wanavyobeba, nikapanda ule mteremko wa udongo mwekundu nimeinama hivi, jasho linaingia machoni, Maman Zaina nyuma na murongo zake kichwani, akimtaja Mungu kila hatua. Msimamizi alitoka barazani. Alianza kusema hapa si soko. Kisha akatia mkono ndani ya gunia, akayaacha maharagi yapite kati ya vidole, na nikaona uso wake ukibadilika. Alikuwa na mshahara wa mwezi, yeye pia. Akamwita mtu alete bakuli. Walipima pale pale barazani, Maman Zaina akigombana naye juu ya kila kilima cha kila murongo, mpaka deni likaisha na kukabaki maharagi ya kutosha sufuria moja. Mlinzi akasogeza kiti chake. Nsimire akatoka na mtoto mgongoni, akashika ukuta kwanza, akaangalia jua, akasema, "Nyamuzinda," yaani Mungu wetu, basi, hakuongeza kitu.

Kesho yake nilifika kazini, nikaenda ofisini kabla sijavua viatu. Nilitaka siku za Nsimire, zile alizofanya kabla ya kuzaa, akimenya mikono yake kwa sabuni huku amevimba miguu. Karani hakuinua macho. "Hajamaliza mwezi. Mwezi usioisha haulipwi." Nikarudi kufulia, nikaichukua aproni yangu, ilikuwa imelowa bado tangu jana, nikaipeleka nikaitua juu ya karatasi zake. Maji yakaenea. Akaruka na kiti chake. "Wee mutoto! Na wewe ukitoka leo, siku zako zote zinapotea, unasikia? Zote!" Nikamwambia nasikia. Wanawake walikuwa wametoka mlangoni na pasi mikononi, mvuke unatoka nyuma yao. Maman Jorjeti peke yake alinifuata mpaka kwenye lango, anahema, ananishika kitenge. "Furaha, mutoto wangu, usikuwe kichwa nguvu. Kunabaki siku kidogo tu, vumilia, mwezi uishe. Sasa unaenda kula nini?" Nikamwonyesha mikono yangu.

"Hii, Maman. Leo itafanya kazi, na leo nitakula."